Bunge likiahirisha shughuli kwa msiba wa taifa: dhana potofu na ukweli

Taifa likipatwa na msiba, vijiweni utasikia: "Hao nao wamepata sababu ya kwenda nyumbani." Uchungu huo nauelewa. Ila sehemu kubwa ya lawama inatokana na neno moja, kuahirisha.

Dhana: Kuahirisha shughuli ni kufunga mlango.

Kuna kuahirisha kikao, watu wakatawanyika. Na kuna kuahirisha shughuli zilizopangwa ili Bunge lizungumzie jambo zito zaidi. Kanuni za Bunge la Tanzania zinalitambua hili la pili: maswali yakiisha, mbunge anaweza kutoa hoja kwamba yaliyo kwenye Orodha ya Shughuli yawekwe kando ili lijadiliwe jambo halisi la dharura na muhimu kwa umma. Hoja ikikubaliwa, wabunge hawaendi popote. Wanabaki ukumbini, na waziri anaulizwa mbele ya nchi nzima. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe tuliyowatuma.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ni wa New Zealand. Ijumaa ya 15 Machi 2019, mtu mwenye silaha alishambulia misikiti miwili ya Christchurch na kuua waumini 51. Jumanne yake Bunge lilikutana Wellington. Spika aliingia ukumbini pamoja na viongozi wa dini mbalimbali, na imamu akasoma aya za Surat al-Baqara zinazohimiza kuomba msaada kwa subira na sala. Waziri Mkuu Jacinda Ardern alianza hotuba yake kwa "Assalaam alaykum", akaapa kutolitamka kamwe jina la muuaji. Tarehe 10 Aprili wabunge hao walipitisha sheria ya kupiga marufuku karibu bunduki zote za aina ya ile iliyotumika, kwa kura 119 dhidi ya 1. Walilia, wakafanya kazi.

Dhana: Dakika ya ukimya ni maigizo tu.

Tarehe 22 Machi 2017 askari polisi Keith Palmer aliuawa kwa kisu akilinda Bunge la Uingereza. Kikao kilisitishwa papo hapo, wabunge wakafungiwa ndani kwa saa kadhaa. Kesho yake walirudi, wakasimama kimya saa 3:33 asubuhi. Kwa saa za Kiingereza ni 9:33, na namba ya Palmer iliyokuwa begani ilikuwa 933. Aliyechagua dakika ile alimfikiria mtu.

Dhana: Bajeti na miswada hukwama.

Havikwami. Ratiba hupangwa upya, na kilichoahirishwa huja siku nyingine.

Dhana: Bunge likikaa wakati wa msiba, lipitishe sheria haraka.

Hapa nasita. New Zealand ilifaulu kwa sababu ilijua hasa inachotaka kuondoa. Marekani, siku tatu baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Baraza la Wawakilishi lilimpa rais ruhusa ya kutumia jeshi kwa kura 420 dhidi ya 1. Aliyepinga peke yake, Barbara Lee, aliwasihi wenzake wajizuie kidogo. Ruhusa ile haikutaja nchi hata moja. Miaka 15 baadaye serikali ya Marekani ilikuwa ikiitumia kuhalalisha mashambulizi ya kijeshi Somalia.