Maua ya kudumu nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Maua ya kudumu, yaani yale yanayoishi mwaka hadi mwaka kwa mizizi ileile, mara nyingi huponzwa na huduma iliyozidi kuliko na usahaulifu. Dhana nyingi zilizomo hapa chini zimetokana na huruma hiyo.

"Bogenvilia haichanui kwa kuwa imekosa maji."

Kwa kawaida ni kinyume chake. Asili yake ni Amerika Kusini, na huchanua vizuri zaidi baada ya kupitia ukavu. Ukiimwagilia kila jioni inarefusha matawi, majani na miiba tu. Chomeka kidole kwenye udongo. Kama sentimita 5 za juu hazijakauka, iache. Zikikauka, mwaga maji mengi kwa mara moja hadi yatokeze matundu ya chini ya chungu, kisha subiri tena.

Kabla ya kurudi kwenye maji, kagua jua na mbolea. Inahitaji jua kali kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Iliyopandwa chini ya mwembe haichanui hata ukiibembeleza. Urea na samadi nyingi ya kuku zina naitrojeni nyingi, nayo hukuza majani. Tena, ile sehemu nyembamba ya zambarau au nyekundu tunayoiita ua ni jani lililobadilika. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati. Rangi ikishapauka na kudondoka, punguza theluthi moja ya urefu wa matawi, kwa sababu maua yajayo yatatokea kwenye machipukizi mapya.

"Weka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke haraka."

Ushauri huu umeenea sana, na haufai. Maji yaliyomo kwenye udongo laini hayashuki kwenye tabaka la mawe mpaka udongo wa juu yake uloe kabisa. Kwa hiyo kokoto zinapandisha ule ukanda wa tope karibu zaidi na mizizi, na mizizi iliyokosa hewa huoza. Toboa matundu manne yenye upana wa sentimita 1, yafunike kwa kipande cha chandarua kuukuu, halafu jaza mchanganyiko wa udongo sehemu mbili, mboji sehemu moja na mchanga mnene sehemu moja. Mchanga uwe wa mto. Ule wa ufukweni una chumvi.

"Maji ya mchana huunguza majani."

Matone kwenye majani laini yasiyo na vinyweleo hayaunguzi. Hasara ya kumwagilia saa saba mchana ni kwamba maji mengi hupotea kwa mvuke. Lakini anayekimbilia kuogesha miwaridi usiku anajiletea balaa jingine: ukungu wa madoa meusi huota kwenye jani lililokaa na unyevu kwa saa saba hivi. Mwagilia asubuhi, na maji yaende shinani.

"Waridi langu jekundu limegeuka rangi."

Halijageuka. Miwaridi mingi ya kununua kitaluni imeunganishwa: kikonyo cha aina nzuri juu ya shina la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Chipukizi linaloota chini ya uvimbe wa kiungo ni la shina hilo la chini, na kwa kuwa lina nguvu, likiachwa humaliza aina ya juu. Ukilikata usawa wa ardhi litarudi likiwa na wenzake. Fukua udongo hadi linapoanzia, likamate, ulinyofoe.

Wengine huogopa kupogoa kabisa, na matokeo yake ni mti mrefu wenye waridi moja kileleni. Ua likinyauka, shuka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, kata kwa mshazari nusu sentimita juu ya kichipukizi kinachoelekea nje. Mkasi uwe mkali. Butu husaga shina na kufungulia ugonjwa njia.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu."

Nguvu hiyo ndiyo inayounguza mizizi, mbali na mbegu za magugu zilizomo. Irundike, uigeuze mara kwa mara, na usiitumie kabla ya miezi mitatu. Usiirundike ikagusa shina.

"Ya kudumu yakishapandwa hayaguswi."

Maua ya kana, yale yenye majani mapana kama ya mgomba, hujibana yenyewe. Baada ya miaka mitatu au minne katikati ya kichaka huwa patupu na maua hupungua. Mvua za masika zikianza, chimbua kichaka chote, kata kiazi katika vipande vyenye macho mawili au matatu, tupa sehemu ya katikati iliyochakaa, na upande vipande vichanga kwa kina cha sentimita 10, nafasi ya sentimita 45. Shina lililomaliza kuchanua halitachanua tena. Likate hadi chini.