Mkia wa gesi ambao hakuna aliyeupiga picha
Ile michoro ya sayari yenye mkia kama wa kometi imewafanya wengi waamini kwamba darubini huipiga picha gesi inapotoroka kutoka kwenye sayari za mbali. Sivyo. Kinachotufikia ni mwanga wa nyota tu, na ushahidi wote umo katika namna unavyofifia.

Chukua GJ 436 b, sayari inayozunguka nyota nyingine, si Jua letu, na inayokaribia Neptuni kwa ukubwa. Ikipita mbele ya nyota yake, huziba chini ya asilimia 1 ya mwanga wa kawaida, ule unaoonekana kwa macho. Lakini mwaka 2015 ilitangazwa kwamba katika rangi moja ya urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho), ile inayofyonzwa na gesi ya haidrojeni, darubini ya angani ya Hubble ilikuta zaidi ya nusu ya mwanga imepotea. Sayari peke yake haiwezi kuziba kiasi hicho. Lazima imezungukwa na wingu kubwa mno. Tena mwanga ulianza kupungua kabla sayari haijafika, na ukabaki hafifu saa kadhaa baada ya kupita. Huo ndio mkia, na kwangu mimi unapendeza kuliko mchoro wowote.

Heliamu, gesi nyingine inayotoroka kwenye sayari, nayo hufyonza mwanga wa infraredi (nao hauonekani kwa macho) unaopenya angahewa yetu, kwa hiyo hupimika hata kwa darubini za ardhini.