Usibandue plasta ya kanisa la kale

Mwezi huu nimeulizwa mara nne: "Fundi, kwa nini msiondoe plasta hii, mawe yaonekane kama zamani?" Wa mwisho alikuwa diwani wa kijiji kimoja cha Berry, katikati ya Ufaransa. Yeye alikwisha kukodi vibarua wenye nyundo na tindo. Nilimwomba asubiri siku moja, nikampeleka Vic.

Kanisa la Mtakatifu Martin la Vic ni dogo, na kwa nje halina cha kumsimamisha msafiri. Mwaka 1849 paroko wake aligundua rangi chini ya matabaka ya chokaa. Matabaka yale yalipoondolewa taratibu, ikaonekana michoro ya karne ya 12: Yuda akimbusu Yesu, na watu wa mji wa Tours wakiutorosha mwili wa Mtakatifu Martin, askofu wao, kupitia dirishani huku wale wa mji wa Poitiers, waliokuwa wakiugombea, wamelala. Mwandishi George Sand, aliyeishi Nohant jirani, alisaidia habari hizo zimfikie Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria. Michoro ikanusurika. Vibarua wa diwani wangefika pale kabla ya paroko yule, Yuda na Martin wangeondoka na kifusi, na hakuna ambaye angejua walikuwapo.

Hayo mawe matupu mnayoyaita "ya asili" ni sura iliyopendwa na watu wa karne ya 19 na ya 20. Mjenzi wa karne ya 12 alikuwa na mawe ya kuchonga kwa ajili ya pembe, milango na madirisha; ukuta uliobaki aliupandisha kwa mawe ya kuokoteza na udongo wa chokaa, akijua utafunikwa. Tena mara nyingi, plasta ikishakauka, mchoraji alipitisha mistari myekundu juu yake kuiga mawe yaliyochongwa vizuri. Walilificha jiwe halisi wakachora jiwe zuri zaidi! Ukiibandua, umemvua mtu nguo ukadai ndivyo alivyozaliwa.

Kinachofuata baada ya kubandua huniumiza zaidi: saruji. Wanaijaza kwenye viungo vya mawe wakidhani wameimarisha. Ukuta ule una nyuso mbili za mawe na kokoto katikati, nao hunywa maji ya ardhini na ya mvua. Chokaa huyaacha yatoke. Saruji huyazuia, yakatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, chumvi ikaganda ndani, baridi kali ikaja, na uso wa jiwe ukamenyeka kama ganda. Aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar ameona nyumba za mawe ya matumbawe zikiteswa hivyo hivyo na saruji, hata bila baridi. Tumia chokaa, iliyolowekwa miezi kadhaa, wala usimsikilize anayekwambia "weka saruji kidogo tu".

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka. Makanisa yanayoitwa "roman" kwa Kifaransa, kama hili la Vic, hayakujengwa na Warumi wa kale. Mengi ni ya karne ya 11 na ya 12, na jina hilo lilibuniwa na mtafiti wa mambo ya kale, Charles de Gerville, mwaka 1818. Tao lenye ncha si ushahidi kwamba kanisa ni la Kigothi, yaani la mtindo uliofuata "roman": kule Aulnay, katika eneo la Saintonge magharibi mwa Ufaransa, dari la kanisa la Mtakatifu Petro lina ncha na jengo ni la "roman" kabisa. Sehemu ya altare ikiwa imepinda kidogo, haiko mstari mmoja na ukumbi, waongoza watalii husema ni kichwa cha Yesu kilichoinama msalabani. Hadithi tamu, lakini kwa kawaida sababu ni kwamba jengo lilipanda kwa awamu, kila awamu na kamba yake ya kupimia.

Tena Vatikani haimiliki makanisa haya. Kwa sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Desemba 1905 na zilizoifuata, karibu makanisa yote ya parokia yaliyokuwapo wakati huo ni mali ya halmashauri za vijiji na miji, ingawa Alsace na Moselle, mashariki mwa nchi, sheria hiyo haitumiki. Kwa hiyo paa likivuja, bili inakwenda kwa diwani.

Diwani wangu alinyamaza njia nzima kurudi kutoka Vic. Kesho yake vibarua waliweka tindo chini, wakapanda kuzibua mifereji ya paa, kazi iliyosubiri muda mrefu.