Kumwondoa "mkorofi" hakulitulizi kanisa

Usharika ukigombana, kauli hii haikawii: "Tukimwondoa fulani tu, amani itarudi." Fulani anahama, na miezi michache baadaye nafasi yake ina mkorofi mpya, pengine mtu aliyejulikana kwa upole.

Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliitazama familia kama mfumo mmoja: anayeonekana mgonjwa mara nyingi amebeba wasiwasi wa wote. Mwaka 1985 rabi Edwin Friedman aliandika jinsi wazo hilo linavyofanya kazi makanisani na katika masinagogi.

Anza kutazama pembetatu, yaani wawili wanaogombana wanapomvuta wa tatu katikati. Mwanakwaya amekwaruzana na mwalimu wa kwaya kuhusu sare. Hamwambii, anakwenda kwa mchungaji: "Watu wanalalamika." Watu gani? Hawatajwi. Mchungaji akilibeba, wale wawili wanapumua na yeye anakosa usingizi. Akimkemea mwalimu, ameshachagua upande.

Jibu linalofaa ni fupi: "Umemwambia mwenyewe? Nenda kabla ya Jumapili. Mkishindwa, tutakaa watatu." Barua zisizo na jina zisisomwe kikaoni. Mwanzoni kelele zitaongezeka, maana mfumo humvuta kila mtu arudi alipozoeleka, na hapo ndipo viongozi wengi hulegea wakidhani wamekosea.

Haya hayahusu wizi wa sadaka wala unyanyasaji. Huko mkosaji yupo, na mtoto aliyeumizwa haambiwi "nenda mkazungumze". Hilo ni la polisi.