Uchovu na Huzuni Visivyoisha: Tezi ya Shingo Nayo Ipimwe

Kila ikikaribia Mei 25, Siku ya Thairoidi Duniani, kliniki yetu husikia swali lilelile: "Daktari, shingo haijavimba, kipimo cha tezi cha nini?" Rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, ni jambo moja, utendaji wa tezi ni jingine. Kuna wenye rovu ambao homoni zao ziko sawa, na wenye shingo laini ambao tezi imezorota.

Homoni zikipungua, mwili wote huenda polepole, ubongo ukiwamo. Mgonjwa husikia baridi wenzake wakijipepea, hukosa choo, ngozi hukauka, sauti hukwaruza, uzito huongezeka. Kisha husahau, hukosa hamu, hulia bila sababu. Nyumbani huitwa mvivu. Wengine huombewa miezi kadhaa kabla ya kutolewa damu kidogo tu. Hatuna ugomvi na maombi, ila hayapimi TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi ifanye kazi. Hali ikiachwa sana, mtu huweza kusikia na kuona visivyokuwapo. Daktari Richard Asher wa London alieleza wagonjwa 14 wa namna hiyo mwaka 1949.

Hata hivyo, sonona nyingi hazitokani na tezi. Ndiyo maana tunapima. Wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, wapimwe mara kwa mara, kwa kuwa huweza kuidhoofisha tezi.

TSH ikiwa juu, huenda tezi imezorota, hivyo hupimwa pia T4, homoni ya tezi yenyewe. Levothairoksini, kidonge cha kufidia homoni hiyo, ni dawa ya cheti; usiazime kwa jirani. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa si maji. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisiamu vikae mbali nayo kwa saa 4. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, si Jumatatu ijayo. Usijiongezee dozi, moyo utaenda mbio. Mjamzito asiache dawa. Aje mapema, kwani mara nyingi dozi hupandishwa.

Kwa wengi dawa hii ni ya maisha. Kupata nafuu si ruhusa ya kuiacha: nafuu hiyo imeletwa na kidonge.

Mwili unaweza kutangulia kupona, hisia zikachelewa. TSH ikikaa sawa kwa miezi na huzuni ikabaki, mwambie daktari, sonona itibiwe yenyewe. Na siku ya kliniki njoo na pakiti ya dawa, hata tupu. "Vile vidogo vyeupe" hatuwezi kuviandika kwenye faili.