Eti Wagiriki ni wavivu?

Bado kuna watu wanaamini Ugiriki ilizama kwenye madeni 2010 sababu raia wake wavivu, kazi yao kahawa na ufukwe tu. Sio kweli aisee. Takwimu za OECD (shirika la uchumi la nchi nyingi tajiri) zinaonyesha Mgiriki kwa wastani anapiga masaa zaidi ya 1,800 kwa mwaka, Mjerumani hata 1,400 hafikishi! Shida ilikuwa kwingine, serikali imekopa weee na kuficha nakisi ya bajeti (matumizi kuzidi mapato), kodi hazikusanywi vizuri, na ajira nyingi ni za viduka vya familia, mzee yuko kaunta asubuhi mpaka usiku ila anachoingiza kiduchu. 2012 kima cha chini cha mshahara kikakatwa 22%, vijana wasomi wakabeba mabegi kwenda Ujerumani, kulekule babu zao walikoenda kupiga kazi viwandani miaka ya 60.