Haibridi ya kuchaji haikufikishi Dodoma kwa umeme

Wengi huamini kwamba ukinunua haibridi ya kuchaji, lile gari lenye injini ya petroli na betri unayoichomeka nyumbani, basi hata safari ndefu unakwenda kwa umeme. Sivyo.

Chukua Mitsubishi Outlander PHEV ya mwaka 2013, iliyotumika Japani. Betri yake ni kilowati-saa 12, na vipimo vya Kijapani viliipa kilomita kama 60 za umeme kwa chaji moja. Ukitoka Dar es Salaam imejaa, kwa mwendo wa barabara kuu itakuwa imekwisha kabla ya Chalinze. Dodoma iko kilomita 450 hivi. Zaidi ya kilomita 350 zilizobaki ni petroli, huku injini ikivuta gari la karibu kilo 1,800. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya iliripoti kuwa, barabarani, magari ya aina hii hutoa hewa ya ukaa wastani wa mara tatu na nusu ya ile iliyopimwa maabara.

Sasa linganisha. Basi la dizeli lenye abiria 50, hata likila lita 30 kwa kilomita 100, kila mtu ametumia lita 0.6. Haibridi iliyoishiwa chaji ikila lita 7, watu wanne ndani, ni 1.75 kila mmoja. Dereva peke yake, zote ni zake. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024, huvuta umeme kwenye nyaya njia nzima.

Kwa Mbezi hadi Posta na kurudi, ukichaji kila usiku, gari hilo ni zuri kweli.